Mita Kumi na Mbili

Asubuhi ya Jumatatu, wiki ya kuandikisha wanafunzi, Lastri alimkuta mumewe amepiga magoti nyuma ya choo, uzi wa tiara umemzunguka kiunoni, simu ya binti yao kaibana kwa meno.

"Baba Wening, umepoteza nini huko?"

Tukijo aliitoa simu mdomoni, akaifuta mate kwa fulana. "Mita kumi na mbili," alisema. "Nimepoteza mita kumi na mbili."

Lastri hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa wiki nzima hapakuwa na wimbo mwingine nyumbani kwao, wala katika mtaa mzima wa Sumberwaru. Serikali ilikuwa imeamua kwamba shule ni shule, basi. Hakuna tena sekondari ya watoto wa vigogo na sekondari ya watoto wa akina sisi. Kila mtoto atasoma karibu na kwao, na ukaribu huo hautapimwa kwa alama za mtihani wala kwa unene wa bahasha ya mzazi. Utapimwa kwa mita, kwa mstari mnyoofu juu ya ramani, kutoka nyumbani mpaka kwenye mlingoti wa bendera wa shule. Lilikuwa wazo zuri. Hata Lastri, aliyeishia darasa la sita, aliliona zuri. Ubaya wake ni kwamba mstari lazima ukatwe mahali, na mwaka uliopita mtoto wa mwisho kupokewa alikaa mita mia nane na kumi na moja. Nyumba ya Tukijo, simu ilivyosema, ilikuwa mita mia nane ishirini na tatu.

Wening akikosa hapo, ilibaki shule ya binafsi ya kule mlimani, kilomita kumi na nne, ambayo ada yake ingewalazimu kuuza pikipiki. Na pikipiki ndiyo iliyopeleka tempe yao ya soya sokoni. Bila pikipiki hakuna tempe, na bila tempe hakuna ada. Wening mwenyewe alikuwa ameliona hilo kabla ya wazazi wake. "Basi nitabaki nyumbani nifunge tempe," alisema siku moja wakiwa mezani, kisha akaomba kachumbari. Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomkata Lastri maini. Mtoto wa miaka kumi na tano hapaswi kuwa mwepesi hivyo wa kukata tamaa.

"Sasa nisikilize," Tukijo alisema, akinyanyuka na kupangusa magoti. "Pini ya ramani tumeiweka langoni. Kwa nini langoni? Nani anaishi langoni? Kibanda cha tempe kiko huku nyuma, upande wa shule. Nimepima. Mia nane na sita!"

"Kibanda si nyumba."

"Nyumba ni pale mtu anapolala, Mama Wening. Tukilala kibandani, kibanda ni nyumba. Alhamisi kamati ya shule inapita kukagua. Itatukuta tumelala."

"Mchana?"

"Tutajilaza."

Lastri alimtazama. Alimpenda mtu huyu, na ndiyo maana mara nyingi alitamani kumpiga na mwiko. "Kuna ile njia nyingine," alisema taratibu. "Ile ya wasiojiweza. Ile haiangalii mita. Unaonyesha kadi tu, mtoto anaingia."

Tukijo alisimama wima kama aliyeitwa jina lake mahakamani. "Wasiojiweza? Mimi? Mimi ni mwenye kiwanda!"

Kiwanda chenyewe kilikuwa mapipa mawili ya kuchemshia soya, kibanda cha mianzi, na chanja tano ambazo juu yake maharage yalilala siku mbili, yakachacha, yakashikana, yakawa mikate ya tempe. Mfanyakazi mmoja alikuwa mkewe. Mwingine alikuwa binti yake, aliyetundika kipimajoto ukutani na kuandika joto la kibanda kila baada ya saa tatu katika daftari, miaka miwili sasa, bila mtu kumtuma.

Lastri alirudi jikoni akasimama mbele ya pipa la mchele, akaliangalia sana.

*

Ndani ya pipa hilo, chini kabisa, mlikuwa na kadi.

Aliileta Pak Darmaji, mwenyekiti wa mtaa, mwaka ule bei ya soya ilipopanda mara mbili na Tukijo akawa anapunguza unene wa tempe akidhani wateja hawana macho. Jina la Tukijo lilikuwa limeingia katika orodha ya serikali ya familia maskini. Siku hiyo mwenyewe alikuwa sokoni. Pamoja na kadi, Pak Darmaji alibeba kopo la rangi nyekundu na kibati kilichotobolewa herufi, kwa sababu wilaya ilikuwa imechoshwa na watu wenye magari wanaokula mchele wa msaada. Amri ilikuwa kwamba kila nyumba yenye kadi iandikwe ukutani, mbele, waziwazi: FAMILIA MASKINI.

Wiki hiyohiyo Tukijo alikuwa amemaliza kutandika marumaru barazani. Nyeupe, zenye maua ya kijani, dada yake aliyeko Taiwan ndiye aliyetuma fedha. Tukijo aliosha miguu kabla ya kuzikanyaga. Wageni aliwaambia wasijali, wakanyage tu, kisha wakiondoka alipiga deki.

"Pak Darmaji, nakuomba," Lastri alisema siku ile. "Kadi nipe. Rangi uisahau."

Pak Darmaji alikuna kidevu. Alikuwa mtu mwema kwa kadiri ya mwenyekiti wa mtaa. "Kumbukumbu yangu ni mbovu, Bu Lastri, naweza kusahau ukuta. Ila mdomo wangu haujawahi kusahau tempe."

Tangu siku hiyo Lastri alimpelekea vipande vinne kila asubuhi, bure. Na kila mwezi alichukua mchele wa msaada kwa kadi ile, akamwambia mumewe kaupata kwa bei ya punguzo. Tukijo aliusifu sana mchele huo. "Mtu mwenye akili hanunui mchele wa majina makubwa," aliwaambia majirani. Kuhusu Pak Darmaji alisema hivi: "Mmeona? Mwenyekiti mzima hapitishi siku bila tempe yangu." Lastri aliinama akapuliza moto, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

*

Walihamia kibandani Jumatatu hiyohiyo.

Kitanda cha chuma kiligoma kupita mlangoni, kikaachwa nje. Kabati lilipita, ila likaziba dirisha. Picha ya harusi ilitundikwa juu ya pipa la soya. Kibao cha namba ya nyumba, saba, kiling'olewa langoni kikapigiliwa kwenye nguzo ya mwanzi, nacho kikaning'inia kichwa chini.

Mbah Parinem, mama yake Tukijo, alikaa barazani juu ya marumaru, anatafuna tambuu na kuwatazama wakipita na magodoro.

"Mama, twende," Tukijo alisema. "Nimekuandalia kona."

"Kona ya nini?"

"Ya kulala. Kibandani."

"Nimezaa watoto sita katika nyumba hii, baba yako amefia katika nyumba hii. Leo nikalale na maharage?"

"Ni siku nne tu! Ni kwa ajili ya elimu ya taifa!"

"Taifa lilale huko lenyewe," alisema Mbah, akatema mate mekundu kopoani.

Habari haina miguu lakini ilifika kila nyumba kabla ya adhuhuri. Bu Sarmi wa namba tisa alihamishia jiko lake kwenye banda la bata, akasema ndiko anakoishi siku zote. Fundi baiskeli aliandikisha kibanda cha walinzi wa mtaa kuwa makazi ya kudumu ya watu saba. Pak Darmaji, ambaye mihuri yote ilikuwa kwake, alizunguka amevaa kofia rasmi, anapiga kelele kwamba haya si mageuzi, haya ni mahamiko. Yeye hakuwa na mtoto wa sekondari. Mwanawe alikuwa chuo kikuu mwaka wa saba, anaandika tasnifu juu ya mayai ya bata. Mwaka huu serikali ikatangaza kwamba tasnifu si lazima tena, na kijana akalia siku mbili, haikujulikana kwa furaha au kwa uchungu wa bata wote wale.

Ndani ya kibanda mambo hayakwenda sawa. Tempe hutaka joto, lakini haikuwa na mpango wa kuishi na watu watatu, kabati na jiko. Jumanne Wening alisoma kipimajoto akatikisa kichwa. Jumatano alikisoma akafungua mlango. Baba yake akaufunga.

"Baba, zimefika digrii thelathini na saba. Zikizidi, ukungu unaoshikanisha soya unajipika wenyewe. Tempe itakufa."

"Ikifa tutaizika. Funga mlango, watu wataona kabati."

Jumatano hiyo Lastri alijaribu tena. Walikuwa wawili, wanafunga soya katika majani ya mgomba.

"Baba Wening, hebu fikiri kamati ikitukatalia."

"Haitatukatalia."

"Ikikataa, kuna aibu gani mtu akisema tu ukweli kwamba hali..."

"Mama Wening." Tukijo aliweka jani chini. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Baba yangu aliomba barua ya umaskini ili mimi nisome sekondari. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima. Nikaacha shule wiki ileile. Wening haingii shule kwa mlango huo."

Lastri alikuwa mkewe kwa miaka kumi na minane na hakuwahi kulisikia hilo. Alifunga jani moja mara tatu, likapasuka. Alimwonea huruma mumewe mpaka machozi yakamlenga, na papo hapo alijua kwamba huruma hiyo itamgharimu binti yake shule.

*

Kamati ilifika Alhamisi saa nane mchana. Ilikuwa watu wawili. Bu Endah, mwalimu wa biolojia, mama wa makamo mwenye faili na uso wa mtu aliyekagua mabanda ya bata tangu asubuhi. Na Pak Galih, mwalimu kijana, aliyeshika simu mbele yake kama anayetafuta maji ardhini. Pak Darmaji aliwaongoza.

"Mia nane na sita," Pak Galih alisoma. Kisha akatazama kibanda. "Ni hapa, Bu?"

"Karibuni nyumbani!" Tukijo alisema. Alikuwa amevaa shati la batiki la harusini. "Samahani kwa vurugu. Ndiyo maisha yetu haya."

Bu Endah aliingia, akaona kabati, akaona picha ya harusi, akaona pipa. Jasho lilimtoka mara moja. "Mnaishi humu wote?"

"Wote. Tangu zamani. Kaa, Bu, kaa."

Kiti hakikuwapo. Kilikuwapo kitu kirefu kilichofunikwa shuka jipya la maua, na Bu Endah, aliyekuwa na miguu inayouma, alikaa juu yake. Palitoka sauti ndogo ya kitu kusagika. Lastri alifumba macho.

"Kitanda chenu kina joto," alisema Bu Endah.

"Tumeamka sasa hivi," Tukijo alisema.

"Saa nane mchana?"

"Tuna usingizi mzito, Bu. Ni ukoo."

Bu Endah alijisogeza kidogo. Sauti ikatoka tena, na harufu ikaifuata. Hapo Wening, aliyekuwa amesimama kimya kando ya kipimajoto, akashindwa kuvumilia.

"Bu, tafadhali, naomba usikae hapo sana. Imefika thelathini na tisa. Ukiikalia itakufa."

"Nini itakufa?"

"Tempe, Bu."

Bu Endah alinyanyuka. Sketi yake rasmi ya khaki ilikuwa imejaa soya kwa nyuma, nyeupe, zimeshikana vizuri. Pak Galih aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtetemeka. Pak Darmaji alikohoa ndani ya kofia.

"Wewe umejuaje kuhusu joto?" Bu Endah aliuliza, akijipangusa.

Wening alimpa daftari. Mwalimu alilifungua kwa haraka, kisha akaanza kufungua polepole. Siku kwa siku, saa kwa saa, joto, mvua, tempe iliyotoka nzuri, iliyotoka chungu, na pembeni maswali madogo kwa kalamu ya risasi: *mbona usiku wa mvua inachelewa?* Alisoma muda mrefu kwa mtu aliyekuwa na nyumba nyingine kumi na moja za kukagua.

"Hili daftari," alisema mwishowe, "ningelipokea leo hii. Lakini fomu ina nafasi ya mita na nafasi ya kadi. Ya daftari haina." Alimrudishia kwa mikono miwili. Halafu akatoka nje kupata hewa, akamwona Mbah Parinem barazani. "Mbah, shikamoo. Na wewe unalala kibandani?"

Tukijo alimpungia mama yake mikono yote miwili kutoka nyuma ya mgongo wa mwalimu.

"Nilale humo nimekuwa soya?" alisema Mbah. "Nalala kwangu. Na hawa wanalala kwangu miaka yote, tangu Jumatatu tu ndio wameingiwa na shetani. Wewe mbona umejipaka tempe matakoni?"

Bu Endah alifungua faili, akatafuta jina, akatoa kalamu. Hakuonekana kufurahia. "Pak Tukijo, pini ya uongo, jina linafutwa. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

"Bu, ni mita kumi na mbili," Tukijo alisema. Shati la batiki lilikuwa limemganda mgongoni. "Mita kumi na mbili tu, Bu. Ni kutoka hapa mpaka pale kwenye kuku."

Kalamu ilishuka.

"Ngoja!" Lastri alisema.

Alikimbia jikoni. Walimsikia akiangusha kifuniko, kisha kimya, kisha mchele ukimwagika. Alirudi na mikono iliyopauka mpaka juu ya viwiko, chenga za mchele nyweleni, na kadi mkononi. Alimpita mumewe bila kumtazama, kwa sababu angemtazama angeshindwa.

"Tuna kadi," alimwambia Bu Endah. "Ya haki. Miaka miwili sasa. Muulize mwenyekiti."

Pak Darmaji alisoma vidole vyake vya miguu. "Ni ya haki," alisema.

Tukijo aliichukua kadi, akasoma jina lake. Akageuka kwa mkewe, akageuka kwa mwenyekiti. Ungeweza kuona mambo yakimjia kichwani moja baada ya jingine: mchele wa punguzo, halafu vipande vinne vya kila asubuhi. "Kumbe huipendi tempe yangu," alimwambia Pak Darmaji, na sauti yake ilivunjika hapo, si kwingine.

"Naipenda, Pak!" alisema Pak Darmaji, ameona haya kweli. "Naapa. Ningeinunua hata... kwa kweli naipenda."

"Nilikuficha, Baba Wening," Lastri alisema. "Nilikuonea huruma. Nimekosea. Lakini mtoto huyu nimemwonea huruma zaidi."

Bu Endah alitazama saa yake. "Kubadili njia kunafungwa leo saa kumi. Kadi naweza kuipokea. Lakini nahitaji picha ya nyumba ikiwa na maandishi ukutani, na sahihi ya baba. Bila maandishi mfumo unaikataa. Maandishi yako wapi?"

Mbah alitafuna tambuu.

*

Pak Darmaji alikwenda mbio akarudi na kopo na kibati. Kopo lilikuwa na utando juu kwa kukaa, akaukoroga kwa kijiti. Majirani walikuwa wameshajipanga kwenye ua, Bu Sarmi mbele, ana manyoya ya bata kwenye kilemba. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Tukijo alikuwa amekaa juu ya kitanda cha chuma kilichoachwa nje, kadi magotini. Wening alimwendea, akakaa kando yake.

"Baba, si lazima. Nitafunga tempe tu. Sina neno."

Alisema kwa upole uleule, na safari hii Tukijo alimsikia. Alimtazama binti yake, akatazama daftari mapajani mwake, kona zake zimekuwa kahawia kwa mvuke wa miaka miwili.

"Mwalimu akisoma kadi yako mbele ya darasa utafanyaje?" aliuliza.

Wening alifikiri. "Nitamwambia akalie soya zetu."

Kitu kilimtoka Tukijo kilichoanza kama kilio kikaishia kicheko, au kinyume chake. Alinyanyuka.

Pak Darmaji alimsogelea, akamnong'oneza kwa nia njema kabisa. "Pak Tukijo, tuandike kule nyuma, kwenye kibanda. Hata pini iko huko. Hakuna atakayeona, na picha itatoka vizuri tu."

Lastri alishika upindo wa sketi yake. Tukijo alikitazama kibanda, na kibao cha namba saba kikining'inia kichwa chini.

"Kule hakai mtu," alisema.

Alikwenda kwenye bomba, akaosha miguu. Akapanda barazani juu ya marumaru yake, akapangusa ukuta kwa mkono wa shati la harusi, kando ya mlango, mahali pa kuonekana hata na anayepita barabarani kwa pikipiki. Akachukua kibati kwa mwenyekiti, akakibandika ukutani kwa viganja vyote viwili. "Mama Wening, kiko sawa?"

"Pandisha kushoto kidogo."

"Hapo?"

"Hapo."

"Paka," alimwambia Pak Darmaji. "Na usidondoshe kwenye marumaru."

Rangi ilipakwa. Pak Galih alipiga picha, Mbah akiwa katikati, amekataa kuhama. Tukijo aliweka sahihi juu ya mgongo wa faili, mikono yote myekundu, kidole gumba kikaacha alama kubwa kwenye fomu, na Bu Endah akasema haidhuru. Saa tisa na nusu Wening aliandikwa. Mwalimu alimwambia alete lile daftari siku ya kwanza, kisha akaondoka na soya zake kwenda kwa Bu Sarmi, aliyetimua mbio kuwahi bandani.

Lastri alibaki chini ya baraza, hajui kama apande. Tukijo alimnyooshea mkono mwekundu, akampandisha, wakasimama wawili wakiangalia herufi zikichuruzika kidogo kwenye M.

"Mchele ule," Tukijo alisema, "ulikuwa mzuri lakini."

"Mzuri sana."

Pak Darmaji alikuwa amefunga kopo, ananyata kuelekea langoni.

"Mwenyekiti!" Tukijo alimwita, kwa sauti ya kusikika ua mzima. "Umeshasoma ukutani? Hapa ni kwa maskini. Kesho asubuhi uje na elfu kumi. Vipande vinne, elfu kumi."

"Elfu kumi?" alisema Pak Darmaji. "Sokoni ni elfu nane!"

"Hiyo elfu mbili," alisema Tukijo, "ni ya mita kumi na mbili."